Udongo wa Mjini (Sehemu ya Pili): Uliza Ploti Ilikuwa Nini

Juma lililopita tulieleza jinsi mwamba, mvua, mizizi na vijidudu vinavyotengeneza udongo kwa maelfu ya miaka. Mjini mtengenezaji mkuu ni binadamu, naye ana haraka: huchimba, hufukia, hushindilia, kisha hupanda sukuma wiki pembeni mwa kifusi.

Tuchukue mfano wa Kahawa Wendani, kaunti ya Kiambu. Enzi za walowezi, ukanda huu wa kuelekea Ruiru na Thika ulikuwa wa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Mashamba yakagawanywa, yakawa ploti. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, ghorofa za kupangisha zikazidi kumea. Udongo wa asili nao umehamahama. Upande wa Kiambu ni mwekundu na wenye kina. Ukishuka kuelekea Ruai unakutana na mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Fundi hauamini huo mweusi, kwa hiyo huuchimba na kujaza mawe na murram. Ulioondolewa hupakiwa kwenye lori na kumwagwa kwingine. Ndiyo maana udongo ulio uani kwako huenda ulitoka mahali usipopajua.

Kazi ambayo udongo huifanya bila malipo

Kipande cha ardhi kisichofunikwa hunywa mvua na kuipeleka chini polepole, kikijaza akiba ya maji ambayo visima vyetu huitegemea. Njiani vijidudu huozesha uchafu mwingi, na chembe za mfinyanzi hunasa baadhi ya sumu zisifike kwenye maji. Udongo wenye unyevu na mimea hupoza hewa ya mtaa. Aidha, mita moja ya juu ya udongo wa dunia nzima ina takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, nyingi kuliko iliyo hewani. Juu ya hayo yote kuna mboga ambazo familia haikuzinunua sokoni.

Ploti ikisakafiwa kwa saruji au kabro kutoka ukuta hadi ukuta, kazi hizo husimama. Maji yote hukimbilia barabarani, na mitaro iliyojaa taka hushindwa kuyabeba. Mvua za masika ya 2024 zilitupa somo hilo kwa ukali, hapa Kiambu na jijini Nairobi.

Kinachobaki ardhini

Uchafu wa mafuta, dawa na kinyesi huweza kuozeshwa, ingawa huchukua muda. Metali haziozi. Zikishaingia, hukaa.

Mzigo wa kwanza ulitoka shambani. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Kwa miongo mingi wakulima walipambana nao, pamoja na kutu ya majani, kwa kupuliza mrututu na dawa nyingine za shaba. Watafiti wa kahawa wa Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11 katika miaka ya 1980, na Batian mwaka 2010, ili kupunguza unyunyizaji huo. Lakini shaba iliyokwisha kudondoka hujikusanya katika tabaka la juu. Udongo ukiwa na tindikali, jambo ambalo mbolea za chumvichumvi huchochea, shaba hiyo hulegea na kudhuru mizizi na vijidudu.

Mzigo mzito zaidi kwa afya ni risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa 2006, ila vumbi lililotua kando ya barabara za zamani halikuondoka nayo. Betri zinazovunjwa, rangi kuukuu na taka zinazochomwa huongeza. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 kuhusu jalala la Dandora uliwapima watoto na vijana 328: nusu yao damu ilikuwa na risasi iliyofikia au kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Baadhi ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi karibu mara kumi ya ile ya udongo usiochafuliwa.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichochafua mtaa kwa risasi kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Ardhi na Mazingira iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe. Mahakama ya Juu ikaiunga mkono fidia hiyo Desemba 2024. Kiwanda hufungwa kwa siku moja. Udongo wake hausafishiki hivyo.

La kufanya

Kwanza, ulizia historia ya ploti: palikuwa shamba, gereji au jalala? Pili, peleka sampuli ipimwe. Maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, zilizoko Kabete hupima udongo. Vipimo vya kawaida huonyesha rutuba na tindikali tu, basi sema wazi kwamba unataka na metali. Tatu, ukiwa na shaka, panda kwenye magunia au matuta yaliyoinuliwa, kwa udongo unaojua ulikotoka. Chokaa na mboji hupunguza tindikali na kuishika risasi isipande kwenye mmea. Nyanya na maharagwe huvuta risasi kidogo kuliko mboga za majani na mizizi. Osha mboga vizuri, na funika udongo ulio wazi kwa nyasi, maana watoto huila risasi kupitia mikono yao.

Mwenye nyumba naye aache sehemu ya ua bila kabro. Kaunti nayo itekeleze sheria ya taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe. Hizo ndizo zitakazotupa mboji tunayoihitaji. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na mazingira hayo yanaanzia chini ya miguu. Kabla ya kupiga jembe au kumwaga zege, pima.

Juma lijalo: majitaka, mashimo ya choo na visima vya mitaani.