Maana na Matumizi ya Maneno "Kola Nyeupe"

Katika habari za kazi na mishahara hukutwa mara kwa mara maneno "wafanyakazi wa kola nyeupe". Baadhi ya wasomaji hudhani kuwa hilo ni jina la cheo. Sivyo.

Kola ni ukosi wa shati. Maneno haya yalienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati makarani walipovaa kola nyeupe zilizotiwa wanga. Nyingi zilikuwa za kubandua: zilifungwa shatini kwa vifungo, zikafuliwa peke yake. Mji wa Troy, katika jimbo la New York, ulijulikana sana kwa kuzitengeneza. Kola nyeupe haikai safi penye makaa, vumbi au mafuta ya mitambo. Kwa hiyo ilimtambulisha mtu wa mezani. Wafanyakazi wa viwandani walivaa nguo za buluu zisizoonyesha uchafu upesi, nao wakaitwa watu wa kola ya buluu.

Leo hutazamwa kazi, si nguo. Mhasibu, karani na meneja ni watu wa kola nyeupe hata wakivaa fulana. Wala maneno hayo hayapimi kipato, kwani karani aweza kulipwa chini ya fundi mitambo. Kwa Kiswahili cha kila siku husemwa "kazi ya ofisini".

Mwaka 1939 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Edwin Sutherland, alianza kutumia maneno "uhalifu wa kola nyeupe", yaani uhalifu wa mtu mwenye heshima na hadhi ya juu, aufanyao katika kazi yake. Mwizi wa namna hiyo havunji mlango. Hupunguza kilo katika stakabadhi ya mkulima, hulipa hati moja mara mbili, au huandikia posho safari isiyofanyika. Huo ndio wizi wa kalamu.

Hapo ndipo jambo hili linapovihusu vyama vya msingi. Mkulima hawezi kuona kosa lililo ndani ya daftari asilofunguliwa. Inafaa kila mwanachama asome mizani kabla gunia halijashushwa, alinganishe uzito huo na stakabadhi, na adai hesabu zisomwe mkutanoni. Katibu mwaminifu asiyaone maswali hayo kuwa ni matusi, maana daftari lililo wazi ndilo litakalomkinga siku ya shutuma.