Kwenda Irente kwa Miguu na Familia Nzima

Matembezi ya familia milimani hupangwa kwa kumtazama yule anayekwenda polepole kuliko wote. Kwetu hao ni wawili: binti yangu wa miaka sita, na mama mkwe wangu, ambaye magoti yake humsumbua akiteremka kuliko akipanda. Tunaishi Korogwe, chini ya milima ya Usambara, na ndugu zetu wa Dar es Salaam wakija likizo ombi lao ni moja: twende Lushoto. Mipango huachiwa mimi, nami naipenda kazi hiyo kwa moyo wote.

Kundi lenye watoto, vijana na wazee nalipeleka Genge la Irente. Kutoka Lushoto mjini ni kama kilomita sita, kwa barabara ya udongo inayopita Yoghoi, katikati ya migomba, mahindi na nyumba za watu. Hakuna pa kukwea kwa mikono, na mtu akichoka, bodaboda zipo.

Saa za safari zihesabiwe mapema. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye afya, asiyesimama njiani. Binti yangu husimama. Usambara ina vinyonga wenye pembe mbili puani, na mtoto akishamwona mmoja kwenye kichaka, msafara wote utasubiri. Kwa hiyo mimi huzidisha hesabu ya Naismith mara mbili, na sioni kwamba muda huo umepotea. Kinyonga ndicho alichokifuata mtoto. Mandhari ni ya wakubwa.

Tunaondoka mjini saa mbili asubuhi, na saa nane mchana, popote tulipo, tunageuka. Jambo hilo nalitangaza usiku uliotangulia, kila mtu akiwa amekaa, maana vijana wakishaliona genge kwa mbali hawasikii tena. Giza kwetu huingia haraka mara jua likizama, na njia ya udongo yenye mawe si ya kushuka na mtoto mwenye usingizi.

Majira nayo yana neno. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza vibaya. Juni na Julai hakuna mvua nyingi, ila baridi ya Lushoto huwashangaza watu wa pwani, na ukungu waweza kufunika genge asubuhi nzima. Mombo iko chini, Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita. Mimi hupendelea Septemba, au Januari na Februari. Sweta hubebwa hata hivyo.

Mizigo iwe michache. Maji lita moja kwa kila mtu, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, raba zenye soli isiyolika, na kanga mbili. Kanga ni mbeleko mtoto akichoka, ni mkeka wakati wa kula, ni kilemba jua likiwa kali. Viatu vipya visivaliwe siku hiyo.

Kabla ya kufika gengeni kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, ambako huuzwa jibini, mkate na jamu vinavyotengenezwa hapo hapo. Mama mkwe wangu hubaki kivulini hapo na mjukuu mmoja wa kumpa kampani. Ni lazima niliseme hili kwa mkazo: si kila mtu anahitaji kufika mwisho. Familia nyingi huharibu siku kwa kumburuta mzee hadi kileleni ili picha itimie. Bibi aliyepumzika vizuri ndiye anayerudi mjini akiimba na wajukuu.

Gengeni kwenyewe ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa unaiona Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na mbele nyika ya Wamasai inakwenda hadi jicho lichoke. Hapo kila mtoto hupewa mkubwa wa kumshika mkono, kwa jina, kabla hatujalikaribia jabali. Kusema tu "mwangalieni mtoto" hakumpi mtu yeyote kazi.

Njia hii ni ya wenyeji kabla ya kuwa yetu. Akina mama wanashuka na mizigo ya mboga kichwani. Wao ndio wa kupishwa. Watoto wangu wanajua kumwamkia kila mzee, "Shikamoo, babu," na wakiitikiwa "Marahaba, wajukuu" hutembea vizuri zaidi. Takataka zetu zote tunarudi nazo. Picha za watu hupigwa kwa ruhusa.

Mkitoka mbali, laleni Lushoto usiku huo. Barabara ya kushuka Mombo kupitia Soni ina kona nyingi na makorongo kando yake, na dereva aliyetembea kutwa nzima hafai kuishika gizani. Asubuhi yake simameni Soni muyaone maporomoko, kisha mteremke taratibu.