Mlingoti Mbele ya Hekalu: Maana na Usimikaji wa Nguzo ya Bendera kwa Wahindu

Katika mahekalu mengi ya Kihindu ya kusini mwa India, ya mijini na ya vijijini, aingiaye langoni hukutana na mlingoti mrefu, mara nyingi uliovikwa bamba za shaba, kabla hajamwona mungu mwenyewe. Kwa Kisanskriti huitwa dhvajastambha, yaani nguzo ya bendera, na Watamili huuita kodimaram, mti wa bendera. Mgeni anaweza kuudhania pambo, au ndugu wa ule mlingoti ambao wanafunzi wa Lubumbashi hujipanga mbele yake asubuhi; lakini kwa kanuni za ujenzi wa mahekalu huo ni kiungo cha hekalu lenyewe, ambalo huhesabiwa kuwa mwili wa mungu, na nguzo hiyo mara nyingi hufananishwa na uti wa mgongo.

Ndiyo maana mahali pake hapachaguliwi ovyo. Lango, nguzo, kijiwe cha sadaka na sanamu ya mnyama wa mungu hupangwa katika mstari mmoja mnyoofu unaoishia kwenye chumba cha ndani, na kileleni huwekwa vibao vitatu vilivyoelekezwa kwa mungu, vikining'iniza kengele ndogo zinazolia upepo ukivuma. Mwenye hekalu hujulikana kwa mnyama anayechorwa kwenye bendera: fahali Nandi ni wa Shiva, tai Garuda ni wa Vishnu. Desturi hiyo ni ya kale kweli, kwani huko Besnagar, katikati ya India, ingali imesimama nguzo ya mawe ya Garuda iliyowekwa yapata mwaka 113 kabla ya Kristo na Heliodorus, balozi wa mfalme wa Kigiriki, na maandishi yake yangali yanasomeka.

Kazi kubwa iko katika usimikaji. Hutafutwa msaji ulionyooka, usio na tundu wala ufa, nao hukatwa kwa ibada. Huko Kerala gogo hubebwa na watu kwa uangalifu lisiguse ardhi, kisha hulazwa miezi kadhaa katika hodhi la mafuta ya ufuta yaliyochanganywa na dawa za mitishamba, ili mafuta yapenye hadi kwenye moyo wa mti na kuuzuia usioze wala kuliwa na mchwa. Katika vijiji vya Andhra, shimo linapokuwa tayari, wanakijiji hutumbukiza sarafu na nafaka kabla nguzo haijainuliwa, na mabinti walioolewa mbali hurudi nyumbani kushuhudia siku hiyo. Mwisho mti huvishwa bamba za shaba, nyekundu au ya njano, na wenye uwezo huzipaka dhahabu. Kwa msomaji wa Katanga, ambayo yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, ni jambo la kupendeza kwamba madini hayo ndiyo yaliyochaguliwa kuwa ngozi ya nguzo. Wapo wadaio kwamba shaba hiyo hukinga radi. Lakini bamba lisilounganishwa na ardhi ipasavyo haliwezi kutegemewa kwa kazi hiyo, na maana yake ya kidini inajitosheleza.

Siku hizi misaji mirefu ni adimu, na mahekalu mengi yameridhika na nguzo za zege. Hekalu la Sabarimala huko Kerala, hata hivyo, liliiondoa ya zege na kusimika ya msaji iliyovikwa dhahabu mwezi Juni 2017.

Bendera inapopandishwa, sikukuu imeanza, na katika vijiji vingi vya Watamili mtu haruhusiwi kulala nje ya kijiji mpaka itakaposhushwa. Nguzo hiyo pia ndiyo mahali pa kusujudia kifudifudi.

Kwa nini basi Afrika Mashariki nguzo ya namna hii haionekani sana? Sababu ni asili ya wahamiaji: Wahindu wengi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambao pwani huitwa Mabaniani, walitoka Gujarat, ambako bendera hupepea juu ya kilele cha hekalu badala ya uwanjani. Katika hekalu la Dwarka, huko Gujarat, bendera hiyo hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Hekalu la mawe la Swaminarayan la Nairobi, lililofunguliwa 1999, linafuata mtindo huohuo wa bendera za kileleni. Mlingoti wa uwanjani unaoonekana kwa urahisi kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa ni wa Masingasinga, huko Makindu, ambako nyumba yao ya ibada ilijengwa 1926. Huo huitwa Nishan Sahib, ni wa dini nyingine na una maana nyingine, nao huvishwa kitambaa chake kipya, kwa kawaida wakati wa sikukuu ya Aprili.

Atakayefika penye nguzo yoyote kati ya hizi avue viatu kabla ya kuingia, na asiiegemee.