Je, Wajua? Kahawa ya Karagwe na Ada ya Urubani

Je, wajua kwamba urubani hupimwa kwa saa? Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinadai saa 200 za kuruka kabla mtu hajapewa leseni ya rubani wa biashara, au 150 akisoma kozi moja iliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Atakaye kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria hupanda hadi saa 1,500.

Je, wajua saa hizo zinakula nini? Chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955 na ambayo imetengenezwa zaidi ya 44,000. Inachoma lita 30 hivi za petroli maalumu kila saa, kwa hiyo saa 200 ni lita 6,000. Injini yake hupangiwa ukarabati mkubwa kila baada ya saa 2,000, maana yake mwanafunzi mmoja akifanyia mafunzo yote humo amekula sehemu ya kumi ya uhai wa injini nzima. Bado mwalimu hajalipwa, wala bima. Ndiyo sababu shule kubwa za urubani Marekani hutoza zaidi ya dola 100,000 kumtoa mtu sifuri hadi leseni ya biashara.

Huko Marekani, baada ya ajali ya ndege ya Buffalo ya Februari 2009 iliyoua watu 50, sheria ilibana: tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege lazima awe na saa 1,500. Aliyesoma shahada ya miaka miwili ya urubani katika chuo cha jamii kinachotambuliwa hupunguziwa hadi 1,250. Malipo yake yanavutia: Mei 2023 mshahara wa kati wa rubani wa shirika la ndege ulikuwa dola 219,140 kwa mwaka, na wa fundi wa ndege dola 75,000 hivi. Mzazi wa Nkwenda, Kyerwa, au Kayanga, Karagwe, asizipigie hesabu fedha hizo. Ni za soko lenye maelfu ya ndege, na kijana wetu atatafuta kazi katika soko la hapa.

Je, wajua kwamba shule ya urubani ya Afrika Mashariki ilikuwa Soroti, Uganda? Ilianzishwa 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ikabaki mikononi mwa Uganda. Kwetu Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) cha Mabibo, Dar es Salaam, kilichoanza 1975, sasa kinafundisha matengenezo ya ndege na uhudumu wa ndani ya ndege, na kimepata ndege za mafunzo ya urubani. Waongoza ndege hufundishwa katika chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo (HESLB) inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, usafirishaji ukiwemo. Aliyeajiriwa hurejesha asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi: kwa mshahara wa shilingi 1,000,000, hiyo ni 150,000 kila mwezi. Ni deni zito, lakini linasubiri masomo yaishe.

Butura haisubiri. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wanaijua vizuri: kahawa inauzwa ingali maua mtini, kwa bei ya anayekopesha, na msimu ukifika magunia ya kahawa ya maganda yanapita mlangoni kwenda kwa mwingine. Ada ya shule ni miongoni mwa shida zinazowasukuma watu huko. Familia inayouza maua ya mwaka huu kulipia muhula wa kwanza itauza na ya mwaka ujao kulipia wa tatu, na mafunzo ya kuruka yakikatika katikati, saa 60 hazimpi mtu kazi. Mavuno yauzwe yakiwa mavuno, kupitia chama cha msingi cha ushirika.

Kuna gharama nyingine inayosahaulika. Wilaya hizi mbili hazina ndege ya abiria ya ratiba; uwanja ulio jirani ni Bukoba. Kijana atakayehitimu ataanza maisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara kutoka nyumbani, akilipa pango kabla ya mshahara wa kwanza.

Kwa familia inayotegemea kibanja cha migomba na mibuni, naona ufundi wa ndege ndio mlango wa busara: unadai fizikia na hisabati nzuri, lakini haudai lita 6,000 za mafuta. Anayeng'ang'ania urubani aulize chuo kabla ya kulipa, na ajibiwe kwa maandishi: ada hii ina saa ngapi za kuruka, ndege ngapi zinaruka leo, na je, TCAA imeidhinisha kozi hii?