Mwanangu, hukumu inasomwa saa ngapi?

Jumamosi jioni, banda umiza moja la Misuna, Singida mjini, limejaa hadi mlangoni. Filamu ni ya Marekani, imetiwa sauti ya Kiswahili. Hakimu amegonga nyundo, raia kumi na wawili wametoka faragha na uamuzi wao, muuaji ameangua kilio. Haki imetendeka na ugali wa jioni bado haujasongwa.

Mahakamani kwetu hakuna baraza la raia la kutamka hatia. Kwenye mahakama ya wilaya hakimu husikiliza na kuamua mwenyewe. Kwenye mahakama ya mwanzo anaweza kuketi na washauri. Siku moja niliketi benchi moja na mama aliyepanda basi alfajiri kutoka kijijini, nauli ya kurudi ameifunga kwenye ncha ya khanga. Karani akaita jina la mwanawe. Mwendesha mashtaka akasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Kijana akarudishwa rumande. Hazikupita dakika tano. Mama akaniinamia, akanong'ona: "Mwanangu, hukumu inasomwa saa ngapi?"

Nilikosa la kumjibu. Kesi zote alizowahi kuziona zilikuwa za kwenye runinga.

Tasnia ya filamu yenyewe imeonja kusubiri huko. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012. Msanii mwenzake, Elizabeth Michael, yaani Lulu, alishtakiwa kwanza kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana. Shtaka lilipobadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, alitoka kwa dhamana Januari 2013. Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimhukumu kifungo cha miaka miwili Novemba 13, 2017. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano na nusu, na alikuwa mtu ambaye nchi nzima ilimfuatilia.

Kinachoniumiza zaidi ni dhamana. Kwenye tamthilia, aliyefungwa pingu ndiye mkosaji, basi. Mtaani, mtuhumiwa akionekana siku ya pili anakunywa chai, watu husema amehonga. Dhamana ni haki yake kisheria kwa makosa mengi, na kesi yake bado ipo. Ila imani hiyo ikishaota mizizi, mwizi anayefuata hafikishwi polisi; gazetini tunasoma kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali".

Si runinga yote hupotosha. Kipindi cha Vioja Mahakamani cha Kenya, pamoja na vichekesho vyake, kilitutendea wema mkubwa: kizimba, kiapo, shahidi na mwendesha mashtaka, vyote kwa Kiswahili ambacho hata bibi alikielewa. Huku Tanzania sheria ilikuwa bado haijakifanya Kiswahili lugha ya mahakama zote. Hilo lilikuja mwaka 2021.

Na Singida ina kisa kinachongoja mwandishi. Miaka ya 1940 ilipokuwa ikielekea ukingoni, watu waliuawa wilayani humu kana kwamba wameraruliwa na simba, na ikaaminika kuna watu-simba. Serikali ya kikoloni ilikamata, ikashtaki, ikanyonga. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu, alikichambua upya kisa hicho katika makala yake ya mwaka 1962.

Naijua tamaa ya mtengeneza filamu: ngozi ya simba, makucha, usiku wa mbalamwezi. Mimi ningeanzia kizimbani. Mshtakiwa anajua Kinyaturu tu, kumbukumbu za kesi zinaandikwa kwa Kiingereza, na uhai wake uko mikononi mwa mkalimani. Hapo kuna hofu kubwa kuliko ya simba yeyote.

Waandishi wa tamthilia, nawaomba: kabla ya kuandika kesi, nendeni mkakae siku tatu mahakamani. Kuingia ni bure, milango iko wazi. Yule mama mtamkuta kwenye benchi.