Kabla ya Kuagiza Gari, Uliza Nani Atalitengeneza

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wengi wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani hulinganisha mambo matatu: bei, mwaka wa kutengenezwa na ulaji wa mafuta. Swali la nne, ambalo ndilo humaliza akiba ya familia baadaye, huulizwa mara chache: gari hili likiharibika, ni fundi gani atakayelitengeneza na vipuri vyake vitatoka wapi?

Toyota IST ni mfano ulio karibu, kwa kuwa imeenea katika barabara zetu. Toleo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, lina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Toleo la pili, lililoanza mwaka 2007, mara nyingi lina giaboksi ya aina ya CVT. Jina ni moja, lakini kwa fundi hayo ni magari mawili tofauti.

Giaboksi ya CVT hubadilisha mwendo kwa puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, zikiwa zimeunganishwa na mkanda wa chuma. Oili iliyomo ndani yake si ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma puli hizo na kuuwezesha mkanda kushika bila kuteleza, na ndiyo maana mtengenezaji huelekeza oili maalumu. Katika baadhi ya gereji, hata hivyo, haidroliki ni haidroliki. Ile ya otomatiki ya kawaida humiminwa humo na gari huondoka likitembea vizuri. Baada ya muda mkanda huanza kuteleza na kukwaruza puli, gari huvuma na kukosa nguvu mlimani. Hapo mara nyingi hakuna kipuri kidogo cha kubadilisha, bali giaboksi nzima.

Si haki kuwatwika mafundi lawama yote. Nchini Marekani, kampuni ya Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za CVT za magari yake ya mwaka 2003 hadi 2010 ifikie miaka 10 au maili 120,000, kutokana na malalamiko ya wateja.

Kundi jingine linalohitaji tahadhari ni injini za petroli za Toyota zenye alama ya D-4, kama 1AZ-FSE iliyofungwa katika baadhi ya Noah na RAV4 za miaka ya 2000. Injini hizi hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Masizi hujikusanya, injini ikatetemeka na kuzimika ikiwa imesimama. Pampu yake ya mgandamizo mkubwa nayo haivumilii mafuta machafu. Noah ya zamani yenye injini ya 3S-FE haina adha hiyo.

Magari ya kifahari ya Ulaya yenye mifuko ya hewa badala ya springi hayahitaji maelezo marefu: asiye na fundi mwenye kompyuta ya gari hilo asilinunue.

Upande wa pili ipo Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mafuta inaendeshwa kimakanika. Fundi wa wilayani huifungua bila kompyuta.

Ugumu unaomkabili mnunuzi ni kwamba magari mepesi kutengeneza mara nyingi ndiyo ya zamani, na gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu linapoingia nchini. Anayekwepa ushuru huo kwa kuchukua toleo jipya azingatie pia gharama ya giaboksi.

Kabla ya kulipa, omba muuzaji picha ya bamba la chuma lililo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa IST, namba ya fremu inayoanza na NCP60 au NCP61 ni toleo la kwanza. NCP110 ni la pili. Ipeleke namba hiyo kwa fundi wako na kwa wauzaji wa vipuri, kama wale wa Gerezani, Kariakoo, uulize bei ya giaboksi na ya oili yake.