Daraja la Java katika Maktaba ya OpenCV

OpenCV ni maktaba ya programu inayoiwezesha kompyuta kuchambua picha. Ilianzishwa mwaka 1999 katika kampuni ya Intel, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya C++. Je, mwanafunzi ajuaye Java pekee aitumieje? Tangu toleo la 2.4.4 la mwaka 2013, maktaba hii huweza kujengewa daraja la Java katika kompyuta ya mezani.

Kabla ya ujenzi, yapasa kuweka zana za kuundia programu za Java, pamoja na Python; Ant nayo huweza kutumika. Python hutunga msimbo unaounganisha lugha hizo mbili. Ant, ikitumika, hufungasha sehemu ya Java katika faili moja la jar. Kisha kigezo JAVA_HOME huelekezwa kwenye folda ya zana za Java.

Hapa ndipo penye hatari. CMake, programu inayotayarisha ujenzi, ikikosa Python au zana za Java haisimami. Huiacha Java na kuendelea. Saa nyingi za ujenzi huweza kuzaa maktaba isiyo na daraja. Kwa hiyo, msomaji, kagua kwanza orodha ya moduli zitakazojengwa: neno "java" lisipokuwamo, sahihisha kasoro kabla ya kuendelea.